Bardi wangu kafia darajani leveli ya 2: tatizo ni namba, uchawi au mwongozaji?

#1 Mwana_Uyole
Wakuu kwema? Nina kesi ya mezani, wajuzi nisaidieni kabla ya Jumamosi.

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, toleo la tano la 2014, chumba cha nyuma ya duka la mshikaji wetu pale Mwanjelwa. Tuko wanne na mwongozaji (msimuliaji anayewachezesha maadui): mpiganaji, mwizi, mchawi, na mimi bardi (mwimbaji mwenye uchawi), chotara wa kielfi. Namba tulipewa zile za kawaida 15, 14, 13, 12, 10, 8. Nikaweka Mvuto 15, Wepesi 14, Akili 13, Busara 12, Nguvu 10, Ustahimilivu 8. Baada ya nyongeza za ukoo Mvuto ukafika 17, Wepesi 15, Akili 14. Niliona bardi lazima ajue mambo.

Leveli ya 2 nilikuwa na uchawi wa aina tano: Charm Person, Disguise Self, Comprehend Languages, Speak with Animals na Faerie Fire. Ule mdogo usioisha: Vicious Mockery na Minor Illusion.

Jumamosi tukakutana na hobgoblini mmoja na goblini wanne darajani. Raundi ya tatu mimi marehemu. Sasa meza nzima inanicheka, eti bardi kazi yake kuimba misibani, safari hii kaimbiwa yeye. Naruhusiwa kutengeneza bardi mwingine. Nipange vipi namba, nibebe uchawi gani, na leveli ya 3, bardi anapochagua mkondo, niende chuo cha Lore au Valor?

#2 Mzee_wa_Sae
Pole na msiba. Rambirambi tunatuma namba ipi?

#3 KeteIshirini
Hakuna fumbo hapo mkuu. Ustahimilivu 8, halafu unasimama darajani!

Dadu ya uhai ya bardi ina pande 8. Leveli ya 1 unachukua 8 nzima, leveli ya 2 unaongeza 5 kama mnatumia wastani. Ustahimilivu 8 unakukata 1 kila leveli, kwa hiyo ulikuwa na uhai 7 + 4 = 11. Ile 13 ungeiweka kwenye Ustahimilivu na kuipa nyongeza moja ya ukoo, inakuwa 14, unaongezewa 2 kila leveli: 10 + 7 = 17. Umeacha uhai 6 mezani ili ujue historia.

Kwenye Akili hukuhitaji kutupa chochote. Kuanzia leveli ya 2 bardi anaongeza nusu ya ustadi wake kwenye majaribio hata ya mambo asiyoyasomea. Panga hivi: Mvuto 15, Wepesi 14, Ustahimilivu 13, Busara 12, Akili 10, Nguvu 8. Ukoo unakupa Mvuto 17, Wepesi 15, Ustahimilivu 14. Leveli ya 4 zile pointi mbili zigawe, Mvuto 18 na Wepesi 16. Hakuna namba inayokaa bure.

#4 Dada_Tukuyu
Kete namheshimu ila leo anatibu kidole wakati mgonjwa analalamika tumbo. Msomeni tena mleta uzi, orodha yake ya uchawi. Meza haina kuhani, na bardi ambaye ndiye pekee anayeweza kuponya hana Healing Word! Ana uchawi wa kuongea na punda.

Uchawi ule unatumia tendo la ziada tu, unafika futi 60, unamwinua mwenzio huku wewe bado una tendo lako kuu. Bardi akiwa na huo, hao wengine watatu wanapigana bila hofu. Namba zake zingeweza kubaki vilevile na wangevuka daraja.

#5 Baridi_ya_Njombe
Nakazia #4. Healing Word ni 2d4 (dadu mbili za pande 4) jumlisha nyongeza ya Mvuto, hiyo si ya kuacha.

Lakini mimi lawama natupa kwa mwongozaji. Hobgoblini leveli ya 2? Yule akiwa na mwenzake karibu na wewe anaongeza 2d6 kwenye pigo. Kwa bardi mwenye uhai 11 hiyo ni hukumu ya kunyongwa. Kwetu huku mwongozaji akileta hobgoblini mapema hivyo anatolewa nje akaonje baridi.

#6 KeteIshirini
Baridi, 2d4 ni kitabu cha 2024. Mleta uzi kasema 2014, na huko Healing Word ni 1d4. Tusimchanganye mtu mwenye msiba.

Na mwongozaji mwacheni. Hobgoblini ni pointi 100 za uzoefu, goblini 50 kila mmoja, jumla 300. Maadui watano unazidisha mara mbili, 600. Wachezaji wanne wa leveli ya 2, kiwango cha pambano gumu ni 150 kila mmoja, yaani 600 kamili. La kuua linaanzia 800. Kawapa pambano gumu, hajawapa kaburi.

#7 Mwana_Uyole
Asanteni. Nieleze ilivyokuwa maana naona mnanizika bila kusikiliza.

Raundi ya 1 nilirusha Faerie Fire (inawafanya maadui wapigike kirahisi), ikawanasa goblini wawili na hobgoblini. Goblini akanichapa mshale, 5, nikabaki na 6. Jaribio la umakini nikafeli, Faerie Fire ikazimika. Raundi ya 2 nikajaribu Charm Person kwa hobgoblini, akashinda. Akaja, akanipiga 12. Nikaanguka. Goblini aliyekuwa pembeni akanichoma nikiwa chini. Zamu yangu ikafika nikarusha dadu ya kifo, ikaja 9. Basi.

#8 Mtu_Mafinga
Sasa hapo mbona unafika sifuri na hufi? Si ukifika sifuri umekufa?

#9 KeteIshirini
Hapana kaka. Sifuri unazimia, kisha kila zamu yako unarusha dadu ya pande 20: 10 kwenda juu umepona hatua moja, chini ya 10 umefeli moja. Tatu za kufeli ndiyo safari. Ukipigwa umezimia unafeli moja, na anayekupiga akiwa ndani ya futi 5 pigo linahesabiwa la hatari, unafeli mbili. Ndiyo maana goblini mmoja na 9 vikatosha.

Kufa papo hapo ingehitaji pigo lipite sifuri kwa kiasi cha uhai wako wote, yaani 11. Kwake lilipita kwa 6.

#10 Dada_Tukuyu
Sasa nawaomba mfanye hesabu na mimi. Kete anasema Ustahimilivu 14 ungemwokoa. Uhai 17. Toa mshale 5, inabaki 12. Hobgoblini kapiga 12. Inabaki ngapi Kete? 😄

#11 Mzee_wa_Sae
Uwiiii. Kete kajificha chini ya meza.

#12 KeteIshirini
Sijajificha, nilikuwa naunga kifurushi.

Sifuri, ndiyo. Lakini dada umeruka hatua. Umakini! Ukipigwa unarusha Ustahimilivu, DC (namba ya kufikia) 10 au nusu ya maumivu, ile kubwa. Kwa 8 anahitaji kurusha 11, nusu kwa nusu. Kwa 14 anahitaji 8, asilimia 65. Faerie Fire ikibaki hai, mwizi na mpiganaji wanampiga hobgoblini kwa dadu mbili wakichukua kubwa, raundi nzima. Uhai wake ni 11 tu. Yawezekana hafiki hata kwa bardi.

#13 Mtu_Mafinga
DC wa wapi tena anaingia kwenye ugomvi huu, wa Mufindi au wa Rungwe?

#14 Mzee_wa_Sae
DC 10. Wilaya mpya, bado haijatangazwa.

#15 Ngao_Iyunga
Mimi ndiye mpiganaji wa meza hiyo. Nimeletewa linki WhatsApp, naona napakwa matope kimyakimya.

Mleta uzi hajasema alikuwa wapi. Faerie Fire karushia futi 60, safi kabisa, alikuwa nyuma ya mwamba. Raundi iliyofuata akatoka kwenye mwamba mwenyewe, akatembea mpaka katikati ya daraja. Mimi niko ng'ambo na goblini wawili, futi 40 toka alipo, mwendo wangu 30. Angebaki nyuma ya mwamba akamtukana hobgoblini kwa Vicious Mockery, inafika futi 60 hiyo, na aliyetukanwa pigo lake linalofuata anarusha dadu mbili anachukua ndogo.

#16 Mwana_Uyole
Kaka Ngao, Charm Person inafika futi 30 tu. Ningemrogea wapi kama si kusogea?

#17 Dada_Tukuyu
Ndiyo hapo nasema ni uchagazi wa uchawi! (uchaguzi, simu hii.) Charm Person katikati ya vita, unayepigana naye anarusha dadu mbili anachukua kubwa. Ule ni uchawi wa sokoni, wa mlinzi wa geti, kabla panga halijatoka. Wewe uliulazimisha darajani, ukakuvuta futi 30 mbele. Namba hazikukutoa nyuma ya mwamba, orodha ndiyo ilikutoa.

Halafu leveli ya 2 una nafasi tatu za uchawi. Umetumia mbili. Umezikwa na moja mfukoni.

#18 Baridi_ya_Njombe
Na hiyo moja angekuwa na Healing Word akajiponya alipobaki na 6? Mvuto 17 ni +3.

#19 KeteIshirini
1d4+3, wastani 5 na nusu. 6 + 5 ni 11, hobgoblini 12, chini. Hata dadu ikileta 4 kamili, uhai wake hauvuki 11, bado chini. Na akishaanguka hawezi kujiponya, uchawi ule unataka usemi, maiti haisemi.

#20 Baridi_ya_Njombe
Lakini kwa kitabu changu cha 2024, 2d4+3, wastani 8, kutoka 6 anajaa mpaka 11 kila mara. Nilisema.

#21 KeteIshirini
Kwenye kitabu chako chotara wa kielfi hayumo kabisa. Asingezaliwa.

#22 Mzee_wa_Sae
😂😂😂 Kesi imefutwa, marehemu hakuwahi kuwepo.

#23 Mtani_Kihesa
Kamweneee. Nimechelewa, nilikuwa shamba.

Mnabishana uhai na uponyaji kama bardi ni kuhani mwenye gitaa. Bardi kazi yake ni kuzuia adui asifanye anachotaka. Mimi leveli ya 1 nabeba Sleep. Toleo la 2014 unarusha 5d8, wastani 22, inaanza kuwalaza wenye uhai mdogo. Goblini ana 7. Hapo watatu kati ya wanne wanakoroma, hawapewi hata nafasi ya kujiokoa, na hauhitaji umakini. Hobgoblini anabaki na goblini mmoja, ile nyongeza yake ya 2d6 anaipatia wapi kirahisi?

Namba zangu nazo mtanitukana: Mvuto, kisha Wepesi, kisha Ustahimilivu 12 tu, na 13 naiweka Busara. Anayenasa maadui lazima awaone kwanza. Bardi wangu ni mghani wa Lugalo, anasimulia Mkwawa alivyowapiga Wajerumani 1894, na Minor Illusion naitumia kufanya jiwe liongee. Aliyepanda jiwe la Gangilonga pale Iringa anajua nimelitoa wapi.

#24 Dada_Tukuyu
Mtani wangu, unamghani babu yako kwa tarehe ya kuibia? Lugalo ni Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski alipouawa. 1894 ndiyo Wajerumani waliivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa. Bardi wako apigwe faini ya hamasa.

#25 Mtani_Kihesa
Haya, 1891. Mnyakyusa akikusahihisha anataka na ndizi juu yake. Vicious Mockery hiyo, rusha Busara ujiokoe.

#26 Dada_Tukuyu
Nimerusha 18. Endelea na Sleep yako, hiyo nakubali kwa leveli za chini. Ikifika leveli ya 5 inakuwa mzigo, maadui wana uhai mwingi. Bahati bardi akipanda leveli anaruhusiwa kubadili uchawi mmoja.

Kwa hobgoblini mwenyewe mimi ningempa Dissonant Whispers. 3d6, wastani 10 na nusu, yeye ana 11, na asipojiokoa anakimbia kwa tendo lake la kujibu. DC ya bardi huyu ni 13, hobgoblini hana nyongeza ya Busara, mara sita kwa kumi anafeli. Unafanya yote hayo ukiwa nyuma ya mwamba.

#27 Mwana_Uyole
Dada huo mbona siuoni? Nina ule waraka wa bure wa PDF.

#28 KeteIshirini
Hautauona. Waraka wa bure uliowekwa wazi Januari 2023 hauna Dissonant Whispers, na chuo kilichomo ni Lore peke yake. Ndiyo jibu la nusu ya swali lako, kama hamna kitabu chenyewe Valor huna pa kuisomea.

#29 Mtu_Mafinga
Hicho chuo cha Lore bodi ya mikopo inakitambua?

#30 Ngao_Iyunga
Kitabu kipo, ni cha mwongozaji. Na mimi kama mtu wa mbele namwomba aende Valor. Leveli ya 3 anapata ngao na mavazi ya wastani. Vazi la magamba 14, Wepesi 2, ngao 2, AC (namba ya kinga) 18. Alikufa na AC 13 ya ngozi, hobgoblini alihitaji kurusha 10 tu.

#31 KeteIshirini
Mkono mmoja ngao, mwingine upanga, ishara za uchawi atazifanya na mguu? Atahitaji kipaji cha War Caster, na leveli ya 4 atachagua kati ya hiyo na kuongeza Mvuto. Lore leveli ya 3 anapata Cutting Words, anatumia dadu ya hamasa (ile bardi humpa mwenzake aongeze kwenye jaribio) kupunguza pigo la adui aliye ndani ya futi 60. Lile 12 lingeshuka. Leveli ya 6 anachukua uchawi wa aina mbili wa klasi yoyote, hapo ndipo bardi anakuwa mtu.

#32 Mtani_Kihesa
Kete, hamasa yenyewe hakuitumia. Mvuto 17 alikuwa nazo tatu. Mleta uzi ulitumia ngapi?

#33 Mwana_Uyole
Moja, kwa mwizi. Akaitumia kujificha.

#34 Mzee_wa_Sae
Hamasa yote ile ili mtu ajifiche!

#35 Mama_Kete_Sita
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Nyie mnaocheza nyumba za kupanga, mnasemaje majirani? Sisi tulikuwa Soweto, chumba na sebule, ukuta mwembamba. Mwanangu kasimama anapaza sauti, "namroga huyu alale, akiamka ameshakatwa!" Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika dagaa dirishani. Jumapili baada ya ibada mzee wa kanisa kabisha hodi na wenzie wawili. Nikawaonyesha karatasi, penseli na dadu. Mmoja akashika ile ya pande 20, akaigeuza, akauliza, "hii inatoa nini ikisimama kwenye 13?" Tangu siku ile tunasema "natumia uwezo". Neno uchawi ni marufuku kwangu.

#36 Baridi_ya_Njombe
Umeua mama 😂 Sisi tunazungukia jiko la mkaa, na msimu wa ulanzi ukifika mwongozaji anasahau maadui wake kwa majina.

#37 Mtu_Mafinga
Dadu mnazipata wapi? Sisi tunachomoa vikaratasi 20 kwenye kopo la kahawa.

#38 KeteIshirini
Kopo linafaa, ila rudisha kikaratasi kila ukichomoa na utikise, la sivyo mwishoni kila mtu anajua kilichobaki. Kuna programu za simu za bure pia. Pande 6 chukua za ludo.

#39 Profesa_wa_Kijiwe
Nimesoma kurasa zote. Vijana mna bahati. Mwaka 1978 kuwa bardi ilibidi uanze mpiganaji, uhamie mwizi, kisha ndipo ukajifunze kwa druidi. Aliyefika huko alikuwa ameshazoea kupigwa. Leo mnamtoa mtoto wa leveli ya 2 na kinanda mnampeleka darajani mnashangaa. Hamkosi namba, mnakosa subira.

#40 Ngao_Iyunga
Shikamoo Profesa. Subira haina safu kwenye karatasi.

#41 Mwana_Uyole
Asanteni sana, ndaga fijo dada. Bardi mpya huyu hapa, mkosoe:

Mvuto 17, Wepesi 15, Ustahimilivu 14, Busara 12, Akili 10, Nguvu 8. Leveli ya 2 pia. Uchawi: Healing Word, Sleep, Dissonant Whispers nitakayonakili kwa mwongozaji, Faerie Fire, na nimebakiza Speak with Animals. Chuo nitaamua nikifika.

#42 KeteIshirini
Namba safi. Speak with Animals toa, weka Hideous Laughter.

#43 Dada_Tukuyu
Iache! Bardi anaweza kuifanya kwa ibada ya dakika 10 bila kutumia nafasi. Ya kutoa ni Faerie Fire, mtani hapo juu kaonyesha Sleep haihitaji umakini.

#44 Mtani_Kihesa
Msiingize jina langu. Faerie Fire ibaki, Sleep haimgusi hobgoblini baada ya goblini watatu kula pointi zote. Healing Word ndiyo toa, nunueni chupa za uponyaji, vipande 50 vya dhahabu moja.

#45 Ngao_Iyunga
Chupa tulikuwa nayo moja siku ile ile. Alikuwa nayo mwizi, futi 10 toka kwa marehemu, amejificha na dadu ya hamasa.

#46 Kivuli_Mafiati
Mimi ndiye mwizi. Chupa iliandikwa kwenye karatasi ya mchawi, tangu kule pangoni. Muulizeni yeye, na muulizeni kwa nini raundi zote tatu alikuwa anasoma kitabu.

#47 Mzee_wa_Sae
Mod usifunge uzi, mchawi hajajitetea.